Mwongozo kamili wa kuchagua mashine ya kupima picha kamili ya damu kwa zahanati na maabara ndogo za Nyanda za Juu Kusini

Kabla hujampigia simu muuzaji yeyote, fungua rejista ya wagonjwa ya miezi mitatu iliyopita na uhesabu ni wangapi walioandikiwa picha kamili ya damu, yaani kile kipimo ambacho kwenye fomu zetu huandikwa FBP, na ni wangapi walioandikiwa wingi wa damu, yaani himoglobini, peke yake. Hesabu hiyo itakugharimu jioni moja na kalamu, lakini ndiyo itakayoamua sehemu kubwa ya mambo yanayofuata hapa chini, na mara nyingi nawakuta wenye zahanati wakiwa tayari wameshalipa malipo ya awali ya mashine ambayo wagonjwa wao hawatoshi kuilisha.

Nimeandika kwa ajili ya wamiliki wa zahanati, maabara binafsi na famasi walioko Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya zao, kwa sababu mengi yanayoandikwa kuhusu mashine hizi yanachukulia kwamba mnunuzi yuko mji wa joto, karibu na bandari, na fundi yuko mtaa wa pili. Huku kwetu vitendanishi, yaani dawa za kupimia ambazo mashine hutumia, husafiri kwa basi, asubuhi za Julai zina baridi kali, na hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Yote matatu yanaigusa mashine, na la mwisho linaugusa hata mwili wa mgonjwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaruhusiwa kupima

Hapa wenye famasi ndio wanaojikwaa zaidi. Usajili wa Baraza la Famasi unakuruhusu kufanya shughuli za dawa, na haugeuki kuwa kibali cha maabara kwa sababu tu una chumba cha ziada nyuma ya kaunta. Kupima picha kamili ya damu ni kazi ya maabara. Maabara binafsi husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na anayeshika sampuli na kusaini majibu anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Mashine na vitendanishi vyake navyo viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA.

Kwa hiyo mwenye famasi anayetaka huduma hii ana njia mbili za heshima: asajili maabara inayojitegemea, yenye chumba chake na mtaalamu wake, au aingie makubaliano na maabara iliyo jirani na kuwaelekeza wateja huko. Njia ya pili haina fahari, lakini kwa famasi nyingi za mitaa kama Soweto au Uyole ndiyo yenye akili. Vyovyote utakavyochagua, uliza mamlaka husika kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi kabla ya kununua. Neno la muuzaji kwamba "wenzako wote wanayo" halitakutetea siku ya ukaguzi.

Hatua ya pili: jua wagonjwa wako wanahitaji jibu gani

Rudi kwenye rejista yako. Zahanati ambayo robo tatu ya maombi yake ni ya wajawazito wanaohudhuria kliniki inahitaji zaidi kipimo cha himoglobini kilicho sahihi, cha haraka na cha bei ndogo. Zahanati inayohudumia wagonjwa wa homa zisizoeleweka, watoto wachanga na watu wanaojiandaa kwa upasuaji inahitaji idadi ya chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kuna pia kundi ambalo mikoa yetu haiwezi kulisahau: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo iliyoongoza kwa kiwango cha maambukizi ya VVU, na baadhi ya dawa wanazotumia wagonjwa hao, hasa zidovudine, zinaweza kushusha damu kiasi cha kuhitaji kufuatiliwa kwa vipimo.

Andika pia saa ambazo maombi huja. Siku ya gulio wagonjwa ishirini wanaweza kufika kabla ya saa sita mchana, kisha siku mbili zikapita na wagonjwa wawili. Wastani wa mwezi utakuficha jambo hilo, na mashine utakayoichagua lazima iweze kubeba siku nzito bila kukuangamiza kwa gharama siku nyepesi.

Hatua ya tatu: chagua daraja la kifaa, kisha ndiyo uangalie jina la kampuni

Daraja la chini kabisa ni kipima himoglobini cha mkononi, kile kinachotumia tone la damu kwenye kibanio kidogo cha plastiki (kyuveti). HemoCue ya Sweden ndiyo iliyozoeleka zaidi, ingawa si pekee. Kinahitaji takriban mikrolita 10 za damu, hakitaki maji wala vitendanishi vya kumimina, na hutoa jibu ndani ya dakika moja au chini ya hapo. Udhaifu wake uko kwenye mikono ya mpimaji kuliko kwenye kifaa. Mgonjwa aliyetembea kwa miguu asubuhi ya baridi pale Njombe huingia na vidole kama mawe. Damu haitoki vizuri, mpimaji anaanza kukamua kidole, maji ya nyama yanachanganyika na damu, na jibu linashuka. Mpe beseni la maji ya uvuguvugu au amshikishe kikombe cha chai kwa dakika tano, choma pembeni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza, na chukua tone linalojitokeza lenyewe. Kumbuka pia kuwa aina nyingi za vibanio huharibika kwa unyevu baada ya kopo kufunguliwa, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua kwenye kopo na ulifunge mara tu unapotoa kimoja.

Daraja la pili, mashine ndogo ya kuzungusha mirija myembamba ya damu, bado lina nafasi yake mahali penye umeme na wagonjwa wachache. Inakupa asilimia ya chembe nyekundu katika damu, na ukigawa kwa 3 unapata makadirio ya himoglobini. Haitakuambia lolote kuhusu chembe nyeupe.

Daraja la tatu ni mashine yenyewe ya FBP inayogawa chembe nyeupe katika makundi matatu. Kanuni yake ilibuniwa na Wallace Coulter wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1953: damu huzimuliwa katika maji ya chumvi, chembe hupitishwa moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme pande zote mbili, na kila chembe inapopita huuzuia mkondo kwa kitambo kidogo. Idadi ya vizuizi ni idadi ya chembe, na ukubwa wa kila kizuizi ni ukubwa wa chembe. Ni vema mnunuzi aielewe kanuni hii, kwa sababu hitilafu nyingi anazozilalamikia zinatoka hapo: tundu likizibwa na uzi wa damu iliyoganda, hesabu inavurugika, vumbi na mapovu ya hewa huhesabiwa kama chembe sahani, na vipande vya chembe nyekundu ndogo sana za mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa madini ya chuma navyo huweza kuingia katika hesabu hiyo hiyo. Mashine za daraja hili, kama zile za Sysmex ya Japani na Mindray ya China zinazoonekana sana katika maabara zetu, hutosheleza mahitaji ya zahanati nyingi.

Daraja la nne ni mashine inayogawa chembe nyeupe katika makundi matano, mara nyingi kwa kutumia mwanga wa leza. Tofauti ya kitabibu ni kwamba mashine ya makundi matatu hukupa limfosaiti, granulosaiti, na kundi la katikati ambamo monosaiti, eosinofili na basofili vimetiwa pamoja kama mahindi na maharage kwenye makande. Ya makundi matano inazitenganisha, na eosinofili zikiwa peke yake zinaweza kumwelekeza daktari kwenye minyoo, kichocho au mzio. Hilo lina thamani kwa zahanati inayopokea watu wa Kyela na pwani ya Ziwa Nyasa. Lakini mteknolojia mwenye hadubini nzuri, slaidi na rangi ya Giemsa au Leishman anaweza kukuhesabia eosinofili hizo kwa dakika kumi, na tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili inaweza kununua hadubini hiyo na chenji ikabaki. Mawazo yangu ni haya: kwa maabara yenye maombi chini ya 20 kwa siku, nunua ya makundi matatu, na pesa iliyobaki uiweke kwenye hadubini na UPS, yaani kifaa chenye betri cha kuishikilia mashine umeme ukikatika. Mashine yoyote ya daraja lolote itakupa siku fulani jibu lenye alama ya tahadhari, na siku hiyo bila hadubini huna la kufanya.

Hatua ya nne: pima chumba chako kabla ya kupima mashine

Katika kitabu cha maelekezo cha kila mashine kuna kipengele cha mazingira ya kazi. Muombe muuzaji akutumie ukurasa huo na usome mambo matatu: mwinuko wa juu unaoruhusiwa, kiwango cha joto, na unyevu.

Mwinuko kwanza. Jiji la Mbeya liko kwenye takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Mji wa Njombe unakaribia 2,000, na Makete inapita hapo. Kwenye mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Mashine hizi hunyonya damu na vimiminika kwa pampu zinazotegemea mgandamizo, hivyo baadhi ya watengenezaji huweka ukomo wa mwinuko, na nyingine huhitaji fundi aingize mwinuko wa eneo au arekebishe mgandamizo wakati wa kuifunga. Kama kitabu kinasema mwisho ni mita 2,000 na zahanati yako iko Makete, mjadala umeishia hapo, hata punguzo liwe kubwa kiasi gani.

Hewa hiyo nyepesi inaathiri pia tyubu za utupu za kifuniko cha zambarau. Tyubu iliyotengenezwa kujaa hadi mstari ikiwa usawa wa bahari, huku juu huvuta damu pungufu, na dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ndani inakuwa nyingi kuliko damu, jambo linaloweza kusinyaza chembe nyekundu na kupotosha vipimo vya ukubwa wake. Jaribu mwenyewe: vuta maji kwenye tyubu tano mpya za aina unayonunua na uangalie yanafika wapi. Yakiishia chini ya mstari kwa kiasi kinachoonekana, tafuta tyubu za watengenezaji wenye toleo la maeneo ya mwinuko, au tumia sindano na tyubu za kawaida zisizo na utupu, ukijaza hadi mstari kwa jicho. Kisha tyubu igeuzwe polepole mara nane hadi kumi, bila kutikiswa.

Kuhusu baridi, mashine nyingi zinataka chumba chenye nyuzi joto kati ya 15 na 30. Zahanati moja karibu na Makambako iliniita mwezi Julai kwa sababu mashine yao, iliyokuwa na miezi minne tu, iligoma kila siku saa moja asubuhi na ikakubali saa nne. Walikuwa wameshamtuhumu muuzaji kwamba amewauzia mtumba. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na onyo la joto la vimiminika, nalo lilikuwa linasema kweli: kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 9. Wafanyakazi, kwa nia njema, walikuwa wameanza kuingiza jiko la mkaa maabara, na majivu yake mepesi yalikuwa yametanda juu ya meza yote. Tuliihamisha mashine kwenye ukuta wa ndani, boksi la kimiminika likatolewa sakafuni na kuwekwa juu ya ubao, na hita ndogo ya umeme ikawashwa nusu saa kabla ya kazi. Haikugoma tena. Kwa hiyo weka kipimajoto katika chumba unachokusudia, kisome alfajiri kwa wiki moja, tena katika mwezi wa baridi, kisha ndiyo uamue.

Umeme unahitaji maneno machache tu, ila ni maneno ya lazima. Mashine ikikatikiwa umeme katikati ya kazi inaweza kuacha damu ndani ya mirija, na damu ikikauka kwenye tundu la kuhesabia ni kazi ya fundi. Soma kibao cha nyuma ya mashine kujua inatumia VA (kipimo cha nguvu ya umeme) ngapi, ongeza printa, kisha nunua UPS ya onlaini yenye uwezo wa angalau mara mbili ya jumla hiyo, inayoweza kuishikilia kwa muda wa kutosha kumaliza sampuli na kuizima kwa utaratibu. Mwite fundi umeme apime waya wa ardhini. Kwa walioko Rungwe na Tukuyu, ambako mvua na radi ni za muda mrefu, kinga ya radi kwenye jengo isihesabiwe kuwa anasa.

Hatua ya tano: piga hesabu ya jibu moja, siyo ya mashine

Mashine ya FBP haili kwa sababu ya wagonjwa tu. Kila asubuhi inajisafisha, inapima kimiminika kitupu kuhakikisha haina uchafu, kisha inapimishwa damu za udhibiti zenye majibu yanayojulikana tayari, ambazo wengi tunaziita kontroli, angalau viwango viwili kila siku ya kazi. Hiyo ni mizunguko mitatu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni mizunguko 78.

Sasa chukua zahanati yenye wagonjwa watatu wa FBP kwa siku. Kwa mwezi ni wagonjwa 78. Nusu ya vitendanishi vyako imekwenda kwa watu wasiokuwepo. Zahanati yenye wagonjwa 20 kwa siku itapima 520, na mizunguko ile ile 78 inakuwa sehemu ndogo tu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kila mzunguko unatumia vitendanishi vya shilingi 2,000, na kontroli za mwezi ni shilingi 300,000. Zahanati ya kwanza itatumia shilingi 4,000 za vitendanishi kwa kila jibu, na karibu 3,850 za kontroli, jumla kama 7,850. Ya pili itatumia 2,300 na karibu 580, jumla kama 2,880. Ondoa takwimu zangu, weka zilizo kwenye ankara ya kifani ya muuzaji wako, kisha ongeza umeme, printa, tyubu, sindano, matengenezo na kiasi cha kulipia mashine yenyewe kwa miaka mitano. Ukilinganisha na bei ambayo mgonjwa wa mtaani kwako anaweza kulipa, au ambayo bima itakurejeshea, utajua kama unanunua mashine au unanunua deni.

Wako watakaosema dawa ya zahanati ndogo ni kuacha kontroli siku za wagonjwa wachache. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kama siku fulani huna kontroli, siku hiyo usitoe majibu. Na kama hesabu inaonyesha huwezi kuzimudu, basi kipima himoglobini pamoja na makubaliano na maabara kubwa ndiyo chaguo lako.

Hatua ya sita: fuatilia njia ya vitendanishi hadi mlangoni kwako

Uliza kwanza kama mashine ni ya mfumo wazi au uliofungwa. Iliyofungwa hukubali vitendanishi vya mtengenezaji wake pekee, mara nyingi kwa kadi au kifaa cha utambuzi kwenye chupa. Ubora unakuwa wa uhakika zaidi, lakini siku msambazaji huyo mmoja akiishiwa, umesimama. Iliyo wazi inakupa uhuru wa kuchagua, na uhuru huo ni hatari kwa asiye na kontroli za kumwonyesha kwamba vitendanishi vya bei rahisi vimeanza kumdanganya.

Kimiminika cha kuzimulia damu huja kwa maboksi makubwa, mengi ya lita 20, na hakina shida sana njiani. Shida ni kontroli, ambazo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na kamwe zisigande. Basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya linapita zaidi ya kilomita 800, na mtumaji akitaka kukuridhisha hujaza barafu nyingi na kukibananisha kichupa katikati yake. Ukipokea mzigo, fungua mbele ya aliyekuletea, acha kichupa kitulie kimesimama, kisha tazama maji yaliyojitenga juu ya chembe. Yakiwa mekundu mazito kama juisi ya rozela, chembe zimepasuka, nawe usisaini kupokea. Mwombe mtumaji atenganishe barafu na vichupa kwa kadibodi, na mzigo uondoke siku ambayo hautafika Jumapili.

Soma tarehe za mwisho, na zipo mbili: ile iliyochapwa, na idadi ya siku baada ya kufunguliwa. Kontroli iliyofunguliwa mara nyingi hudumu kama wiki mbili. Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua boksi la kitendanishi cha kupasulia chembe nyekundu kwa punguzo la kuvutia, nikafurahi, nikaja kugundua lilikuwa limebakiza wiki saba; tulimwaga zaidi ya nusu. Tangu hapo naandika kwenye hati ya kuagiza: mzigo wenye chini ya miezi sita haupokelewi, na kontroli zenye chini ya wiki sita hazipokelewi.

Hatua ya saba: mkataba uandikwe kabla ya malipo

Mambo ya kudai hayana siri. Fundi yuko wapi, na atafika kwako ndani ya siku ngapi? Dhamana inaanza siku ya kulipa au siku ya kufungwa? Ziara za matengenezo ni ngapi kwa mwaka, na nauli na malazi ya fundi yanalipwa na nani? Mashine ikilala zaidi ya wiki, utapewa ya kuazima? Wafanyakazi wangapi watafundishwa? Waombe wafundishwe wawili, kwa sababu aliyefundishwa peke yake ndiye atakayepata ajira ya serikali mwezi unaofuata. Kisha omba majina ya maabara mbili za mikoa yetu zinazotumia mashine hiyo hiyo kwa zaidi ya mwaka, na uende ukazungumze na mteknolojia, siyo na mmiliki. Muulize mara ya mwisho ilipoharibika alisubiri siku ngapi.

Kuna wauzaji wanaokukabidhi mashine bure kwa sharti la kununua vitendanishi kwao. Utaratibu huo si mbaya, lakini soma kiwango cha chini cha ununuzi kwa mwezi, na ukirudie ukiwa na ile hesabu ya rejista mkononi.

Hatua ya nane: ijaribu katika chumba chako, kwa damu ya watu wako

Malipo ya mwisho yasubiri majaribio haya, na muuzaji mwaminifu hatayakataa.

Chukua sampuli moja ya mtu mzima mwenye afya na uipime mara kumi mfululizo. Tuseme himoglobini imetoka 12.1, 12.2, 12.0, 12.1, 12.1, 12.3, 12.1, 12.0, 12.2 na 12.1. Wastani ni 12.12, mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika, ni karibu 0.09, na ukiugawa kwa wastani na kuzidisha kwa 100 unapata kama asilimia 0.8. Hiyo ni nzuri. Kwa himoglobini sipendi kuona zaidi ya 1.5, kwa chembe nyeupe zaidi ya 3, na kwa chembe sahani zaidi ya 6. Simu yako ina kikokotoo cha kutosha kwa kazi hiyo.

Kisha pima sampuli yenye chembe nyingi mara tatu, ufuatishe yenye chembe chache mara tatu. Kama jibu la kwanza la sampuli hafifu liko juu kuliko la tatu kwa tofauti ya kuonekana, mashine inabeba mabaki ya mgonjwa mmoja kumpelekea mwingine.

La tatu ndilo ninalolithamini zaidi: peleka sampuli 20, zenye damu nyingi na pungufu, kwenye maabara kubwa yenye udhibiti wa ubora, kama ile ya hospitali ya rufaa, zipimwe huko na kwako ndani ya saa chache za siku ileile, kisha mlinganishe. Tofauti ikiwa upande mmoja kila mara, mashine inahitaji kurekebishwa. Ikiwa inaruka huku na huku, usiipokee.

Na kila jibu lipitie jaribio la kichwani: himoglobini ukiizidisha kwa 3 ikaribiane na asilimia ya chembe nyekundu, ikipishana kwa 3 hivi kwa mgonjwa mwenye chembe za ukubwa wa kawaida. Himoglobini 12 na asilimia 36 vinakubaliana. Himoglobini 12 na asilimia 45 ni sababu ya kuichanganya tyubu upya na kurudia kabla ya kumwita daktari. Chembe sahani zikitoka chache mno kwa mtu asiyetokwa damu popote, tengeneza slaidi na uzitafute, kwani mara nyingine zinakuwa zimeshikamana kwenye tyubu na mashine haikuziona.

Hatua ya tisa: weka viwango vya mahali ulipo

Mashine inatoka kiwandani na viwango vya kawaida vya watu wengine, na fundi akiondoka bila kuvigusa ndivyo vitakavyochapwa kwenye majibu yako. Mwili wa mtu anayeishi juu hutengeneza himoglobini zaidi kufidia wepesi wa hewa. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani limeelekeza mipaka ya upungufu wa damu ipandishwe kwa gramu 1.1 kwa desilita kwa wanaoishi kati ya mita 1,500 na 1,999, na kwa 1.4 kati ya mita 2,000 na 2,499. Mwanamume wa Mbeya mjini, ambaye mpaka wake usawa wa bahari ni 13.0, anahesabiwa kwa 14.1.

Angalia maana yake kwa mjamzito wa miezi minane kutoka Makete mwenye himoglobini 11.8. Karatasi iliyochapwa kwa mpaka wa 11.0 itamrudisha nyumbani bila alama yoyote. Kwa mwinuko anaoishi mpaka ni 12.4, naye yuko chini yake. Marekebisho yanafuata mahali mgonjwa anapoishi, siyo mahali mashine ilipo: mama wa Kyela aliyekuja kumtembelea mwanawe Mbeya kwa siku tatu hahesabiwi kama mtu wa Mbeya. Kwa hiyo ongeza kwenye fomu ya maombi mstari wa kijiji au kata anayoishi mgonjwa, na chini ya jibu la himoglobini chapa mpaka uliotumika pamoja na mwinuko wake, ili mganga anayesoma karatasi hiyo akiwa Tunduma au Iringa aone umepimia wapi ulipoandika "chini".